Jimu ya Wanawake Pekee: Yanayosemwa Mwanga na Ujiji, na Ukweli Wake

Ukitaja jimu hapa Kigoma mjini, wengi huona chumba cha vijana wa kiume, vyuma vizito na muziki wa kupasua masikio. Ndiyo maana wazo la jimu ya wanawake peke yao, tena ya mazoezi ya mzunguko, huzua maneno kila linapotajwa: saluni za Mwanga, vikao vya vikoba Gungu, baraza za Ujiji. Baadhi ya maneno hayo huwatisha wanawake wasijaribu kabisa. Mengine huwavuta kwa ahadi zisizotimizika, na haya ndiyo yanayonisikitisha zaidi, kwa sababu mwanamke aliyelipa ada akaona amedanganywa ni vigumu kurudi.

Mzunguko wenyewe ni hivi. Vituo 8 hadi 12 hupangwa kuzunguka chumba. Kituo hiki unachuchumaa na kusimama, kile unasukuma, kinachofuata unavuta, kingine unapanda na kushuka kingazi. Kila kituo unakaa nusu dakika au zaidi kidogo, unahama bila mapumziko marefu, na ndani ya dakika 30 umeshazunguka mara mbili au tatu.

"Hayo ni mazoezi laini, ya kina mama"

Mazoezi ya mzunguko hayakubuniwa kwa ajili ya wanawake. Yalianzia Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, mwaka 1953, kwa R. E. Morgan na G. T. Anderson waliotafuta njia ya kuwafanyisha wanafunzi wengi mazoezi kwa wakati mmoja, kila mtu kwa kiwango chake. Mpaka leo wanajeshi na wachezaji mpira huyatumia, na ukiyafanya sawasawa hutoki umekauka.

Picha ya ulaini ilikuja baadaye. Mwaka 1992 Gary Heavin na mkewe Diane walifungua Curves, jimu ya wanawake pekee, katika mji wa Harlingen, Texas, wakaiendesha kwa mzunguko wa dakika 30. Ikaenea nchi nyingi na kuigwa kila mahali. Mashine zake zilikuwa za silinda zenye kimiminika ndani, zinazofanya kazi kama shokapu za gari: ukisukuma zinakupinga, ukivuta zinakupinga vilevile, ukiacha hakuna chuma cha kukuangukia. Kwa mtu asiyewahi kushika uzito maishani, huo ni usalama mkubwa, na sioni sababu ya kuudharau.

Lakini upungufu wake ni wa kweli. Unapokishusha chuma polepole, misuli inafanya kazi ya kukizuia kisianguke, na sehemu hiyo ya kushusha inajenga nguvu nyingi. Mashine ya silinda haina sehemu hiyo. Tena ugumu wake hutegemea kasi yako, kwa hiyo mtu anaweza kuisukuma taratibu miezi mingi asipande hatua. Mwili ukishauzoea uzito, hauna sababu ya kuongeza nguvu. Kwa hiyo ukiingia jimu ya mzunguko, waulize swali moja kabla ya yote: nikizoea, mtaniongezea nini? Wasipokuwa na jibu, faida utaiona mwanzoni tu.

"Ukishika vyuma utakuwa jikedume"

Hapana. Homoni ya testosteroni, inayochangia sana kujaza misuli, mwanaume anayo mara kumi na zaidi ya mwanamke. Wanawake wenye misuli mikubwa unaowaona kwenye picha wamefanya kazi hiyo miaka mingi na kula kwa mpango maalumu. Hawakuamka siku moja wakajikuta hivyo. Unachokipata wewe ni mgongo usiouma ukiinua ndoo, na mifupa inayopata sababu ya kubaki imara. Hilo la mifupa lina uzito kwa wanawake hasa, kwa kuwa hedhi ikishakoma mifupa hudhoofika kwa kasi. Mama wa miaka 55 anavihitaji vyuma kuliko binti wa miaka 20, ingawa yeye ndiye huambiwa kwanza kwamba umri umempita.

"Mwezi mmoja tumbo limekatika"

Hili ndilo tangazo linalouza kuliko yote, na halina ukweli. Mwili haupunguzi mafuta mahali unapopaamrisha. Ukifanya mazoezi ya tumbo, misuli ya tumbo inapata nguvu, lakini mafuta yaliyo juu yake hutoka mwili mzima kwa mpangilio wa mwili wenyewe. Mkanda wa kubana tumbo unakutoa jasho, jasho ni maji, na ukinywa bilauri mbili uzito wako unarudi palepale.

Tufanye hesabu kwa chakula chetu. Mzunguko wa dakika 30 huunguza takriban kalori 150 hadi 250, kutegemea mwili wako na bidii yako. Kijiko kikubwa kimoja cha mawese kina kalori 120 hivi, sawa na mafuta mengine yoyote ya kupikia. Mawese yetu ni mazuri, yale mekundu yana vitamini A kwa wingi, na sitamwambia mtu wa Kigoma ayaache. Ila dhana kwamba mafuta ya asili hayanenepeshi si kweli, na vijiko viwili vya ziada kwenye mboga ya jioni vimekwishamaliza kazi ya jimu. Anayetaka kupungua aanzie kwenye sufuria, jimu imsaidie kutopoteza misuli wakati anapungua.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015-16 ulikuta wanawake wapatao 28 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 49 nchini wana uzito uliozidi au unene uliopindukia. Kwa hiyo hamu ya kupungua si ya urembo tu. Lakini presha na sukari hunufaika na mazoezi hata kama mzani haujasogea, na natamani kila jimu ingemwambia hivyo mwanamke siku ya kwanza, badala ya kumpima kiuno mbele ya wenzake.

"Mazoezi makali yanaharibu kizazi"

Woga huu ni wa zamani na haukuanzia kwetu. Mwaka 1928 kule Amsterdam wanawake walikimbia mita 800 kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza. Wakubwa wa riadha wakadai mbio hizo zinazidi nguvu za mwanamke, wakaziondoa mpaka 1960. Marathoni ya wanawake iliingia Olimpiki mwaka 1984, Los Angeles. Wakimbiaji wengi wamezaa na kurudi kukimbia.

Mazoezi ya kawaida hayagusi uwezo wa kuzaa. Kinachoweza kusimamisha hedhi ni kujichosha sana huku unakula kidogo mno, na hedhi ikikatika miezi kadhaa bila ujauzito nenda hospitali. Siku za hedhi unaweza kufanya mazoezi, na baadhi ya wanawake huona maumivu yanapungua. Mjamzito asiye na tatizo naye anashauriwa na Shirika la Afya Duniani kufikisha dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Aliyejifungua, hasa kwa upasuaji, amsikilize kwanza daktari au mkunga wake.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi, nami nitalisema. Wanawake wengi waliozaa hutokwa na mkojo kidogo wakiruka, wakikohoa au wakicheka. Jimu yenye vituo vya kuruka huwaaibisha, nao huacha kimyakimya bila kumwambia mtu sababu. Hali hiyo ni ya kawaida na mara nyingi inatibika kwa kujizoeza misuli ya nyonga: unaibana kama mtu anayezuia mkojo, unahesabu tano, unaachia, unarudia, kila siku kwa wiki nyingi. Wakati huo kituo cha kuruka unakibadilisha kwa kupanda kingazi. Mkojo ukivuja muda wote, hilo si la jimu. Nenda hospitali, hata Maweni, hospitali yetu ya mkoa, kwa sababu linaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, nayo inatibiwa. Hapa ndipo ninapoiona faida kubwa kuliko zote ya chumba cha wanawake pekee: kwamba mtu anaweza kuyasema haya kwa sauti yake ya kawaida, na mwalimu mwanamke akamwelewa.

Na anayehema sana kwenye mzunguko wa kwanza asijiite mvivu haraka. Mkoa wetu una malaria nyingi, na upungufu wa damu humfanya mtu achoke mapema. Kupima damu ni jambo la muda mfupi.

"Kukiwa hakuna wanaume, hakuna aibu"

Kwa wengi, kutokuwepo wanaume ndiko kunakofungua mlango. Dada anayejistiri anaweza kuvua hijabu, akavaa taiti na raba, akafanya mazoezi kwa uhuru. Mume aliyekuwa na wasiwasi hukubali. Lakini wanawake nao huchekana. Kigoma ni mji ambao watu wanajuana, na neno lililosemwa asubuhi jimuni linaweza kufika sokoni kabla ya mchana. Nikiwa nachagua, ningetazama zaidi masharti ya ndani kuliko bango la mlangoni: je, simu zinaruhusiwa kupiga picha? Madirisha yameelekea wapi? Fundi wa kiume akija, mnaarifiwa? Mwalimu ana elimu gani? Jimu ya wanawake ambayo video za wateja wake ziko mtandaoni haina faragha yoyote.

"Mama anayelima na kubeba mizigo hahitaji jimu"

Hapa kuna ukweli wa nusu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linahesabu kila mwendo: wa kazini, wa nyumbani na wa njiani. Mama anayebeba dagaa Kibirizi kutwa nzima ameshapita kwa mbali dakika 150 za wiki ambazo mwongozo huo unamtaka mtu mzima azifikishe, na kumwambia aende akalipie mbio za papo hapo ni kumkosea. Anachohitaji yeye ni kupumzika, na pengine kujifunza kuinua mzigo kwa miguu badala ya mgongo. Mwongozo huohuo unataka pia mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi kwa wiki, na hapo mwalimu wa shule, karani na mwenye duka anayekaa kitini tangu asubuhi ndio wenye upungufu.

"Bila ada, hakuna mazoezi"

Ada hununua ratiba, mwalimu na wenzako watakaouliza uko wapi usipofika. Kama unajua peke yako hutaamka, fedha hiyo haijapotea, na ningekushauri ulipe kwa mwezi kwanza, si kwa mwaka. Kama huna, mzunguko unaingia uani. Wanawake wanne, vituo vitano: kuchuchumaa na kusimama ukiwa umeshika dumu kifuani, kusukuma ukuta, kuvuta dumu kuelekea kiunoni huku umeinama na mgongo umenyooka, kupanda na kushuka kizingiti, kulala chali na kuinua nyonga. Sekunde 40 kila kituo, 20 za kuhama, mizunguko mitatu. Dumu la lita 5 likijaa maji lina kilo 5. Likishakuwa jepesi, chukua la lita 10.