Mvua ni ileile? Tunayoambiana Mtwara na Lindi kuhusu hali ya hewa

Watu wakikaa kusubiri mnada wa korosho, haichukui muda mazungumzo kufika kwenye jua na mvua. Mengi yanayosemwa pale yana chembe ya ukweli, na ndiyo maana hayang'oki kirahisi.

"Mvua ya mwaka ni ileile, hakuna kilichobadilika."

Hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote, maana anayeisema anaweza kupatia hesabu akakosea shamba. Kwetu msimu ni mmoja, Novemba hadi Aprili. Hatuna vuli na masika kama wenzetu wa Tanga, kwa hiyo ukiharibika hakuna wa kufidia. Chukua mfano wa milimita 100. Zikinyesha kidogo kidogo kwa siku kumi, udongo unazinywa na mbaazi zinanawiri. Zikishuka siku moja, ni kama umemwaga lita laki nne kwenye ekari moja: maji yanaondoka na udongo wa juu, kisha jua linawaka wiki tatu mahindi yakiwa ndiyo yanatoa mbelewele. Kipimamvua kitaandika 100 vilevile.

Sababu iko angani. Joto likipanda kwa nyuzi 1, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Katika miaka ya 2011–2020 dunia ilikuwa na joto la juu kwa nyuzi 1.1 hivi kuliko 1850–1900. Mzigo wa mvuke umeongezeka, na unapotuliwa hutuliwa kwa kishindo. Hewa hiyohiyo, mvua inapokata, hunyonya unyevu wa udongo upesi zaidi. Hapo ndipo mafuriko na ukame vinapoweza kuzidi pamoja kijiji kimoja, mwaka mmoja. Na mkulima wa korosho anajua kuwa mvua ya Oktoba, hata iwe ndogo, ikizikuta korosho zimeanikwa inashusha daraja.

"El Niño ikitangazwa, tujiandae kwa mafuriko."

El Niño ni pale maji ya bahari ya Pasifiki yanapopata joto kuliko kawaida na kuvuruga mvua za dunia. Onyo hilo huwafaa zaidi watu wa maeneo ya misimu miwili, kaskazini mwa nchi. Kusini mwa Afrika, El Niño mara nyingi huja na ukame. Sisi tuko katikati, hivyo inaweza kutuangukia upande wowote. Afadhali kusikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) wa Novemba–Aprili kwa mikoa yetu. Tena wakitabiri mvua "chini ya wastani", hiyo ni habari ya msimu mzima. Siku moja ya mafuriko bado inaweza kuwemo ndani yake.

"Vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska."

Waulizeni wazee wa Lindi habari za kimbunga cha Aprili 1952. Aprili 2019 watu wa Mtwara walihamishwa kwa tahadhari ya kimbunga Kenneth, kikaenda kutua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma. Mei 2024 kikaja Hidaya: kilielekea Mafia, lakini mvua yake iliikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi kule Somanga, na abiria wakalala njiani.

Wapo wanaoruka upande wa pili na kusema sasa vimbunga vitakuja kila mwaka. Wanasayansi hawasemi hivyo. Wanachotarajia ni kwamba, kati ya vitakavyotokea, vile vikali vitachukua sehemu kubwa zaidi, na vitamwaga mvua nyingi zaidi.

"Joto hili limeletwa na visima vya gesi."

Nimelisikia hili zaidi ya mara moja. Gesi ikichomwa hutoa hewa ukaa, kweli, lakini hewa hiyo husambaa duniani kote na kukaa angani kwa karne nyingi. Ya viwanda vya Ulaya, Marekani na China inatufikia sawasawa na ya kwetu. Visima vya gesi vya Mnazi Bay, hapa Mtwara, vikifungwa leo usiku, kesho Msimbati kutakuwa na joto lilelile.