"Watu hawasomi mtandaoni" na dhana nyingine zinazoharibu kurasa

Hakuna kauli inayorudiwa na wateja wanaotaka kurasa za tovuti kama hii: "Fupisha, watu hawasomi mtandaoni." Basi wanakata masharti, wanakata viwango vya ada, wanakata tarehe ya mwisho, wanabakiza salamu za ukaribisho na picha. Kisha wanashangaa simu za kuulizia haziishi.

Watu husoma, ila huanza kwa kutafuta. Mwaka 1997 Jakob Nielsen, mtafiti wa namna watu wanavyotumia tovuti, alieleza kwamba asilimia 79 ya watu waliopimwa walipitisha macho tu juu ya kila ukurasa mpya, na asilimia 16 ndio waliosoma neno kwa neno. Takwimu hiyo imegeuzwa fimbo ya kuchapia kila aya ndefu. Anayepitisha macho anatafuta pa kutua. Akipapata, atasoma hata aya tatu nzito, maana ndizo zilizomleta.

Kazi basi ni kupanga, na kupanga huanzia mwanzo wa sentensi. Tazama hii: "Kwa mujibu wa utaratibu uliopo, waombaji wote wanakumbushwa kwamba fomu zinapaswa kurejeshwa kabla ya tarehe 30 Juni." Maneno tisa yamepita na habari bado. Halafu, je, tarehe 30 yenyewe imo au haimo? Andika: "Mwisho wa kurejesha fomu: 30 Juni, saa 10 jioni." Imekuwa fupi, lakini kilichoondoka ni maneno matupu, na saa imeongezeka.

Vichwa vidogo navyo ndivyo vinavyomshika msomaji mkono. "Utangulizi", "Taarifa muhimu" na "Mengineyo" havimwambii lolote. Kama taarifa hizo ni muhimu, zile nyingine zinafanya nini hapo? Weka "Nyaraka za kuambatisha", "Ada na namna ya kulipa", "Ukichelewa kurejesha fomu". Ukimaliza, soma vichwa peke yake kutoka juu hadi chini. Kama mtu asiyeijua shughuli hiyo hawezi kubashiri jibu lake liko wapi, rekebisha vichwa kabla hujagusa aya hata moja. Jibu litangulie, masharti yafuate, historia ya mradi iende chini kabisa, au isiwepo.

Na tafadhali, usikimbilie kukatakata kila kitu kuwa orodha ya vitone. Hatua zinazofuatana zipewe namba. Vitu vya kuleta vipewe vitone. Maelezo ya sababu yabaki aya, kwa kuwa kitone humeza "kwa hiyo" na "isipokuwa", na mara nyingi sharti lenyewe limo ndani ya "isipokuwa".

Sasa dhana nyingine. "Kila kitu kipatikane kwa kubofya mara tatu." Hapana. Joshua Porter, mtafiti wa matumizi ya tovuti, alilipima hili mwaka 2003, na watu hawakukata tamaa baada ya mbofyo wa tatu. Wanachoka pale kiungo kisiposema kinakokwenda. "Bofya hapa" ni kiungo bubu; "Pakua fomu ya maombi (PDF, kurasa 2)" kinajieleza.

"Herufi nzito zinatosha kuwa kichwa." Kwa macho, labda. Programu inayomsomea asiyeona huruka kutoka kichwa hadi kichwa kwa kufuata mitindo ya vichwa unayochagua unapoandika: Kichwa 1, Kichwa 2 na kuendelea. Aya uliyoikoleza tu kwake ni aya kama nyingine.

"Maandishi yakinyooka pande zote mbili ndiyo rasmi." Kwenye simu, mstari unaobeba "yanayopatikana" na "wanaotarajiwa" ukilazimishwa kujaa, hubaki mapengo katikati ya maneno. Nyoosha kushoto tu.

"Kijivu hafifu ni cha kisasa." WCAG, miongozo ya kimataifa ya kufanya tovuti zitumike na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu, katika ngazi yake ya kati (AA) inataka utofauti kati ya rangi ya maandishi na ya usuli wake usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa makubwa. Vikokotoo vya kupimia viko mtandaoni bure. Pima kabla mbunifu wako hajaanza kubishana.