Masafa si umbali

Malalamiko mengi ya simu za kodlesi (zisizo na waya) za ofisini huja na neno moja: masafa. Mkonga unakwaruza, masafa. Simu inakatika ukivuka mlango wa stoo, masafa. Watu wanne wanazungumza, wa tano hapati laini, hayo nayo masafa. Fundi aliyepewa neno hilo pekee hajaambiwa kitu.

Maana kwa haraka: masafa ni idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, nayo hupimwa kwa hezi. Kodlesi za DECT, mfumo wa redio wa simu hizi, za aina ya Ulaya hukaa kati ya megahezi 1880 na 1900.

Mkanganyiko umeanzia kwenye neno lenyewe. Kwa Kiarabu masafa ni umbali, na ndivyo tulivyolipokea: safari ya masafa marefu, mbio za masafa mafupi. Redio ikalipa kazi ya pili. Mtangazaji aliyesema "masafa mafupi, mita 31" hakukosea, kwa kuwa urefu wa wimbi ni umbali kweli, kilele hadi kilele. Ikaja FM, namba zikawa za megahezi, mita zikasahaulika, neno likabaki. Ndiyo maana hadi leo masafa yakiwa mafupi hezi huwa nyingi, jambo linalomchanganya kila mwanagenzi.

Kwenye kodlesi mkanganyiko huo hula siku nzima ya kazi. Mteja anasema "badilisha masafa", na kwa kawaida hakuna cha kubadilisha. Ule upana wa megahezi 20 umegawanywa njia 10 za redio, na kila njia ina vipindi 24 katika milisekunde 10, 12 vya kwenda na 12 vya kurudi. Hizo ni nafasi 120, kila moja ikiwa na kipindi cha kwenda na cha kurudi. Mkonga huzisikiliza wenyewe, huchagua iliyo kimya, na huweza kuhamia nyingine katikati ya mazungumzo. Wi-Fi ya gigahezi 2.4 au 5 haimo humo, wala oveni ya maikrowevu. Kuhamisha ruta kwa ajili hiyo ni kujichosha bure.

Umbali upimwe kama umbali. Kama mkonga una ukurasa wa kupima nguvu ya mawimbi, ufungue utembee nao. Nguvu hiyo husomwa kwa dBm, na namba baada ya hasi ikikua mawimbi yamedhoofika. Hasi 60 hadi hasi 70 dBm ni pazuri; ukipita hasi 80 kuelekea hasi 90 tarajia maneno kumegeka. Ndani ya jengo hesabu mita 50 hivi, uwanjani 300, kisha uzipunguze kwa kila ukuta wa zege, rafu ya chuma na shimo la lifti. Sasa simama mita tatu kutoka kwenye besi, yaani kituo kinachozungumza na mikonga. Ikiwa simu bado inakatika, umbali hauhusiki. Anza na betri. Zilizochoka huonyesha zimejaa kwenye chaja, kisha huzima dakika chache baada ya kupiga.

Yule wa tano aliyekosa laini amekosa nafasi kwenye besi yenyewe, si kwenye zile 120 za hewani. Kumfungia kirudishi mawimbi hakumsaidii, kwa kuwa kifaa hicho hupeleka mawimbi mbali zaidi lakini hakiongezi mazungumzo ambayo besi inaweza kubeba. Na simu inayokatika mahali palepale kati ya besi mbili, ilhali kila moja inasomeka vizuri, aghalabu ni dalili kwamba besi hizo hazisikilizani. Saa zao hazijalingana, mkonga unashindwa kuhama.

Masafa kweli huwa tatizo mtu akileta kutoka Marekani mkonga ulioandikwa DECT 6.0. Hiyo 6.0 ni jina la biashara, si gigahezi. Mkonga huo hutumia megahezi 1920 hadi 1930, kwa hiyo besi ya aina ya Ulaya haitausikia hata ukiwekwa juu yake, na huku kwetu hapo ndipo simu za 3G huzungumzia na mnara.

Basi kwenye daftari la hitilafu, ndugu wa mapokezi, andika "haifiki stoo" au "laini zimejaa". Fundi ataelewa, na atakuja na kifaa kinachohitajika.