Najisikia mzima sasa: je, niache dawa za sonona?

Natumia dawa tangu mwaka jana. Usingizi umerudi, na mimi nimerudi sokoni Majengo kuuza mboga. Kwa nini niendelee kumeza?

Kwa sababu huenda hizo dawa ndizo zinazokushikilia. Shirika la Afya Duniani linashauri mgonjwa aendelee na dawa miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha. Hesabu inaanza siku ulipopata nafuu, si siku ulipoandikiwa dawa. Wengi huchanganya hapo. Kama sonona imeshakurudia, daktari anaweza kukushauri ukae nazo muda mrefu zaidi.

Hazitanifanya teja?

Hapana. Hutakuwa na arosto ya kukufanya uuze simu upate kidonge. Ila mwili huzizoea, na ukizikata ghafla unalalamika.

Unalalamikaje?

Kizunguzungu, kichefuchefu, jasho, ndoto za ajabu, hasira za karibu. Wengine husikia kama shoti ya umeme inapita kichwani wanapogeuza macho. Mara nyingi huanza ndani ya siku chache. Fluoksetini, mojawapo ya dawa hizi za sonona, hutoka mwilini polepole, kwa hiyo usumbufu wake huwa mdogo na huchelewa. Amitriptilini, dawa nyingine ya sonona, haina subira hiyo.

Hapa ndipo watu hudanganyika. Mtu anaacha Jumatatu, Alhamisi hali mbaya, anasema "ugonjwa umerudi". Sonona kwa kawaida hairudi kwa haraka hiyo: huja kidogo kidogo, wiki hadi miezi, kwa huzuni isiyoisha, kukosa hamu ya chakula na ya watu. Shoti ya kichwani si sonona. Andika tarehe uliyopunguza na siku dalili zilipoanza. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

Basi napunguzaje?

Kwa mpango wa daktari, hatua kwa hatua, kwa wiki kadhaa au miezi kama umezitumia muda mrefu. Mfano tu: anayemeza amitriptilini miligramu 75 usiku anaweza kushushwa hadi 50, akatulia, kisha 25, kisha chini ya hapo. Hatua za mwisho ndizo ngumu, ingawa zinaonekana ndogo, kwa hiyo zisiharakishwe. Ukizidiwa, rudi kwa daktari. Huenda akakurudisha kwenye dozi iliyotangulia. Usijipangie kumeza siku moja na kuruka moja, maana dawa nyingi za aina hii hupanda na kushuka mwilini ukifanya hivyo.

Ukiwa mjamzito, au uliwahi kuwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, usiguse dozi kabla ya kuonana naye.

Nianze lini?

Wakati maisha yametulia. Mimi nisingemshauri mkulima wa Kongwa aanze Januari, shamba linadai palizi na ghala la mtama limebaki vumbi. Baada ya mavuno ni bora. Wala usianze ukiwa na msiba, kesi au mtihani. Mwambie mtu mmoja wa nyumbani, kwa sababu yeye huona mabadiliko kabla yako.

Na usiache pakiti tupu ikuamulie. Kama unatoka mbali na mjini, rudi kuchukua dawa zikiwa zimebaki za wiki moja.

Naogopa kuonekana Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma.

Naelewa, utani wa "mpelekeni Mirembe" umeenea nchi nzima. Lakini hospitali hiyo, iliyopo tangu 1927, ina kliniki ya wanaokuja na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Unaweza pia kuanzia kituo cha afya kilicho karibu, uulize kama kuna anayehudumia afya ya akili. Ila yakikujia mawazo ya kujiua, usisubiri tarehe ya kliniki: nenda hospitali yoyote iliyo karibu, na usiende peke yako.

Vidonge vikibaki, nimpe jirani asiyelala?

Usimpe. Amitriptilini nyingi kwa mpigo huvuruga mapigo ya moyo na inaweza kuua, mtoto hata kwa vidonge vichache. Virudishe kwenye dirisha la dawa ulikovichukua.