Salio si taarifa

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya benki moja hapa Lamu. Ami mmoja aliyekuja na boti ya alfajiri kutoka Faza akamwambia keshia, "Nipe salio la tangu Januari." Keshia akaandika tarakimu kwenye kikaratasi cha upana wa vidole viwili, akakisukuma chini ya kioo. Ami akakigeuza nyuma, labda kuna zaidi. Hakuna. Alitaka kujua pesa zake za uvuvi wa kamba zimekatwakatwa nini, na boti ya kurudi haimngoji mtu maji yakianza kupwa kwenye mkondo wa Mkanda.

Nimelisikia kosa hili mara nyingi mno, basi niseme. Salio ni kiasi kilichobaki kwenye akaunti saa hii. Taarifa ya akaunti, ambayo wengi tunaiita stetimenti, ni orodha ya kila kilichoingia na kilichotoka, tarehe kwa tarehe, makato yakiwemo.

Maneno yenyewe yanajieleza. Salio limetokana na kusalia, ndugu yake kusaza. Harusi ya kula na kusaza ni ile ambayo sinia za pilau hurudi jikoni zikiwa na wali. Ukiutazama wali ule utajua umebaki kiasi gani. Hutajua nani alikula, wala nani alifunga nyama akapeleka kwao. Taarifa ni neno la Kiarabu, la mzizi wa kujua, ule ule uliotupa maarifa, arifu na hata maarufu. Redio nayo imetuzoesha taarifa ya habari, ndiyo maana wapo wanaodhani taarifa ya akaunti ni tangazo la benki.

Lawama nyingine naitupia simu. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, ujumbe wa pesa huja na salio, na macho yetu hukimbilia hapo hapo.

Ajabu ni kwamba dukani hatukosei. Mwenye duka akikwambia unadaiwa mia tisa na arubaini, neno la kwanza ni "hebu lete daftari". Unataka kuiona sukari ya Jumatatu, unga wa Jumatano, na ile soda ambayo unaapa hukuinywa. Daftari lile ndiyo taarifa.

Na benki haikupi kwa fadhila. Sheria ya Kenya dhidi ya utakatishaji wa fedha inaitaka itunze rekodi za miamala kwa angalau miaka 7, na kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kinakupa haki ya kuziona data zako zilizo mikononi mwa mwingine.

Keshia naye angeuliza tu, "Ami, wataka salio au stetimenti?" Lakini haya. Ami, ukivuka tena, sema: "Naomba taarifa ya akaunti, kuanzia Januari mpaka leo, iwe na mhuri." Na kitambulisho usikisahau Faza.