Mtoto tumboni hagongwi

Kuanzia Makunduchi, Unguja, hadi Konde, Pemba, wanandoa wengi huambiwa na wakubwa wao kwamba mke akishika mimba, mume akae mbali, wasikutane kimwili: atamgonga mtoto kichwani, au mimba itatoka. Nia ni kumlinda mama, na hofu hiyo inaeleweka.

Ila mtoto hayupo ukeni. Yumo ndani ya mji wa mimba, kwenye mfuko wenye maji, na mlango wa kizazi umezibwa na ute mzito. Uume haufiki huko. Tumbo huweza kukaza kidogo mke akifika kileleni, kisha hulegea. Mimba ikiwa salama, hilo haliianzishi safari ya uchungu. Mimba nyingi zinazotoka miezi 3 ya mwanzo huwa na hitilafu tangu kutungwa. (Mke akichoka au asipotaka, hiyo ni habari nyingine, na aheshimiwe.)

Makatazo ya kweli yapo: damu kutoka, chupa kupasuka, kondo la nyuma kuziba njia, dalili za uchungu kabla ya wakati.

Kuhakikisha ni rahisi. Nenda kliniki na kadi yako, ikiwezekana na mume, umuulize mkunga faraghani: "Kwa mimba yangu hii, kuna sababu ya kujizuia?" Akisema ipo, mwombe akutajie ni ipi na ni mpaka lini.