Srivijaya: dola iliyokula kwa kusubirisha meli

Ukitaja himaya za zamani za Kihindu na Kibudha kule Asia ya Kusini-Mashariki, watu watakwambia Angkor ya Kambodia, au Borobudur ya Java, kwa sababu mawe yapo na watalii wanapiga picha. Mi kazi yangu ni historia ya biashara ya Bahari ya Hindi, kwa hiyo nikiulizwa nachagua Srivijaya, na mtu ananiangalia tu. Simlaumu. Hata wataalamu wenyewe mpaka 1918 walikuwa hawaijui, jina lilishasomwa kwenye jiwe moja la kisiwa cha Bangka lakini wakadhani ni jina la mfalme, hadi Mfaransa George Coedès alipounganisha maandishi ya Kichina, ya Kitamil na ya Kimalei cha kale akaonyesha kwamba hili lilikuwa dola, tena dola lililotamba kwenye mlango wa bahari wa Malaka, kati ya Sumatra na rasi ya Malaya, kwa karne kama nne hivi.

Kwa nini lilipotea hivyo? Makao yake yalikuwa Palembang, kusini mwa kisiwa cha Sumatra, Indonesia ya leo, kwenye mto Musi, kilomita 80 hivi toka baharini ila maji kupwa na kujaa yanafika mpaka mjini. Mji wa mbao na mianzi, nyumba za nguzo juu ya maji, nyingine zinaelea kabisa. Ukijenga hivyo kwenye tope la ikweta usitegemee kumwachia mtu magofu.

Walichoacha ni mawe ya maandishi, na hapo ndo pananoga. La mwaka 682 linasema bwana mmoja, Dapunta Hyang, alipanda chombo akaongoza jeshi la watu 20,000. Miaka miwili baadaye jiwe lingine linasimulia mfalme kafungua bustani kwa ajili ya viumbe vyote, kapanda minazi, mipopoo, miti ya sago na mianzi, na dua ndefu ya Kibudha juu yake. Halafu kuna hili ninalolipenda kuliko yote, lilitoka Sabokingking hapohapo Palembang, sasa liko Makumbusho ya Taifa Jakarta. Juu limechongwa vichwa saba vya nyoka, katikati maandishi ya laana, chini mfereji wenye mdomo. Maji yanamwagwa juu, yanateremka kwenye yale maneno, yanatokea kwenye mdomo pale chini, na anayekula kiapo anayanywa. Mtu wa Pwani anayejua kombe, zile aya zinazoandikwa kwenye sahani zikaoshwa kwa maji ya kunywa, ataelewa mantiki bila kuelezwa, ila kombe unanywa upone na haya ukisaliti yanakuua. Walioapishwa wameorodheshwa: watoto wa mfalme, mahakimu, makamanda, makarani, wafanyabiashara, manahodha, hadi wafua nguo wa mfalme!

Mi nasoma orodha ile naona mfalme mwenye wasiwasi. Na alikuwa na sababu, maana dola lake halikuwa ardhi. Lilikuwa bandari zilizotawanyika, Palembang, Jambi, Bangka, ng'ambo huko Kedah, na kila bandari ina mkubwa wake anayeweza kesho kuamua kupokea meli mwenyewe na ushuru asilete. Wanamaji wake wakubwa walikuwa watu wa baharini, Orang Laut, wanaoishi kwenye vyombo vyao. Ukiwalipa vizuri wanalinda meli zako, ukiwapunja wanageuka maharamia, na wanaijua kila hori kuliko wewe.

Hela ilitoka kwenye upepo. Meli za Uarabuni na India zinafika huko na pepo za kusi, za China zinashuka na kaskazi, kwa hiyo huwezi kwenda na kurudi kwa upepo mmoja, lazima mahali fulani pale kati utie nanga usubiri miezi kadhaa, na wakati unasubiri unakula, unakarabati, unakopa, unauza. Srivijaya ikasema basi subirini kwetu. Bidhaa za kuvutia watu zilikuwepo: kafuri (ndo karafuu maiti hiyohiyo), ubani wa Sumatra, pilipili manga, na karafuu na kungumanga zilizoletwa toka Maluku. Waarabu wakawa wanasimuliana kwamba maharaja wa kule kila siku anatupa tofali la dhahabu kwenye bwawa mbele ya jumba lake, maji yakipwa yanaonekana yanang'aa. Stori ya mabaharia, lakini haisimuliwi juu ya mfalme mwenye njaa.

Na huu Ubudha, kuna wanaouchukulia kama pambo tu, mi siafiki. Mtawa wa Kichina Yijing aliondoka Guangzhou mwaka 671 kwenda India, hata siku 20 hazijafika yuko Srivijaya, akakaa miezi sita kujifunza sarufi ya Kisanskrit. Aliwakuta watawa zaidi ya 1,000 na akawashauri Wachina wenzake wapite hapo mwaka au miwili kabla ya kuendelea na safari. Karne ya 9 mfalme Balaputra wa Srivijaya akajenga nyumba ya watawa Nalanda, India kaskazini. Kama 1005 mfalme mwingine wa Srivijaya akajenga nyingine Nagapattinam, kwenye dola la Wachola, India kusini. Mwaka 1079 mtawala wa Srivijaya akatoa hela kukarabati hekalu Guangzhou, na hekalu lenyewe si la Wabudha, ni la Watao, dini ya Wachina wenyewe! Kila penye mteja mkubwa kuna jengo la ibada lenye jina lao. Imani ilikuwepo, sikatai, mwanazuoni Atisha alitoka Bengali akakaa kule miaka 12 akisoma, lakini imani na biashara zilipanda jahazi moja.

Na huku kwetu je? Al-Idrisi, karne ya 12, anasema watu wa visiwa vya Zabag, jina ambalo Waarabu waliita ukanda ule, walikuwa wanakuja pwani ya Zanj, ndo Afrika Mashariki yetu hii, na vyombo vyao kufanya biashara. Halafu kuna ile meli iliyopatikana 1998 karibu na kisiwa cha Belitung, mashariki ya Sumatra, shehena yake vyombo vya udongo vya China kama 60,000, bakuli moja limeandikwa tarehe ya mwaka 826. Mbao zake hazikupigiliwa misumari, zimeshonwa kwa kamba, kama mtepe wetu, na zilipopimwa zikakutwa ni za mti wa Afrika wa jenasi ya Afzelia, ndugu wa mkongo, au mbambakofi kwa watu wa Kenya.

Sasa kuanguka. Vitabuni utakuta 1025: Rajendra, mfalme wa walewale Wachola, kaleta manowari toka India kusini, kapiga Palembang, Kedah na bandari nyingine, kamkamata mfalme Sangrama Vijayottunggavarman, kabeba hadi lango la mji lenye vito. Pigo kubwa, na miaka 20 tu toka ile zawadi ya Nagapattinam. Lakini bandari hazikufa, baadaye kitovu kilihamia Jambi na mahekalu ya matofali ya Muaro Jambi yapo mpaka leo. Kilichowamaliza kwa maoni yangu hakina vita ndani yake: Wachina wa enzi ya Song wakaanza kusafiri na meli zao wenyewe, wananunua pilipili moja kwa moja Java na Sumatra kaskazini, hawana haja ya mtu wa kuwasubirisha. Ofisa wa forodha wa Quanzhou, bandari ya China, Zhao Rugua, aliandika 1225 kwamba meli ikipita Srivijaya bila kutia nanga, vyombo vyao vinatoka kuishambulia. Ukifikia kuwapiga wateja ili waingie dukani, duka halipo tena.

Mwaka 1275 Singhasari ya Java ikatuma jeshi Sumatra, halafu ikaja Majapahit, nayo ya Java, na 1407 Zheng He, mkuu wa manowari za China, anafika Palembang anakuta mji uko mikononi mwa haramia wa Kichina, Chen Zuyi, akamkamata akampeleka Nanjing akauawa. Kabla ya hapo, mnamo 1400, mwana wa mfalme mmoja anayesemekana katokea Palembang, Parameswara, alishaenda kuanzisha Melaka upande wa pili wa mlango wa bahari. Ukoo wake ukasilimu, Orang Laut wakamfuata, na kazi ikawa ileile: upepo, meli, ushuru. Wakaila mpaka 1511 alipofika Mreno, ambaye Kilwa na Mombasa alikuwa ameshazipora tangu 1505.